Kusafiri Ukiwa na Ugonjwa wa Kudumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina kisukari aina ya kwanza, na kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kupigiwa simu na ndugu, majirani na wenzangu wa kliniki usiku wa kuamkia safari. Maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi si daktari: panapohitajika kipimo chako au dozi yako, nimekuelekeza kwa anayekutibu. Panapohitajika akili ya mtu aliyewahi kuumbuka njiani, nimejibu mwenyewe.

## Kabla ya kufunga begi

1. Nianze kujiandaa lini?

Safari ya siku chache ndani ya nchi, wiki mbili zinatosha. Safari ya nje, anza wiki sita hadi nane kabla. Dawa zenyewe unaweza kuzipanga kwa nusu saa, ila kuna mambo yasiyokimbizwa: kibali cha dawa zinazodhibitiwa (swali la 9), chanjo (swali la 10), na kwa wanaosafishwa damu, nafasi kwenye kituo cha huko, ambayo hutafutwa mapema zaidi (swali la 19).

Kuna jambo jingine watu hulisahau. Kama daktari ana mpango wa kukubadilishia dawa au kuongeza dozi, mwombe aibadilishe mapema ili ukae nayo wiki kadhaa ukiwa nyumbani. Metformin, kwa mfano, huwaharisha wengi siku za mwanzo. Hilo ulijue ukiwa karibu na choo chako, si ukiwa kiti cha dirishani na watu wawili wamelala kati yako na njia. Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, nao wapime INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) siku chache kabla ya kuondoka, kwa sababu mabadiliko ya chakula na dawa nyingine huisogeza.

2. Barua ya daktari iandikwe nini hasa?

Barua nyingi nilizoonyeshwa hazina msaada. Zimeandikwa "mgonjwa huyu anaendelea na matibabu", basi. Afisa wa ukaguzi hajui matibabu gani, wala kama hizo sindano kumi na nne kwenye begi ni sehemu yake. Barua yenye kazi husomeka hivi:

> Mwenye barua hii (jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti) ana kisukari aina ya kwanza. Anatumia insulin aspart kabla ya kila mlo na insulin glargine mara moja kwa siku. Analazimika kuwa nazo mkononi wakati wote, pamoja na kalamu, sindano, kipimo cha sukari, stripu na juisi. Vifaa hivi ni vya matumizi yake mwenyewe kwa siku 21.

Chini yake sahihi, muhuri, tarehe na simu ya hospitali inayopokelewa. Iandikwe kwa lugha inayosomeka unakokwenda. Kwa safari nyingi za nje hiyo ni Kiingereza. Toa nakala mbili, na ipige picha ukae nayo kwenye simu. Jina likitofautiana na la pasipoti hata kwa herufi moja, rudi likarekebishwe.

3. Nibebe dawa za siku ngapi?

Hesabu siku za safari, kisha ongeza za wiki moja. Kwa safari ya zaidi ya mwezi mmoja, ongeza wiki mbili. Kwa vitu vinavyoharibika au kupotea kirahisi, yaani stripu, sindano, betri za kipimo na pampu ya pumu, mimi hubeba mara mbili ya ninavyotarajia kutumia.

Kiasi hicho kigawe mafungu mawili, yote mawili yakiwa mkononi. Fungu moja likae kwako na jingine kwa mwenzako wa safari, kama unaye. Usafiri ukiahirishwa au begi likiibwa, bado una siku za kujipanga. Mfamasia akikuambia hawezi kukupa dawa za zaidi ya mwezi mmoja kwa mkupuo, mwonyeshe tiketi na umwombe daktari aandike cheti kinachotaja safari. Mara nyingi mambo huishia hapo.

4. Mimi nina presha tu, kidonge kimoja asubuhi. Haya yote yananihusu?

Machache: dawa za ziada, ziwe mkononi, na jina lake la kitaalamu uliandike mahali (swali la 8). Soma pia swali la 13 kama kidonge chako ni kile cha kukojoza. Mengine ruka.

## Dawa zenyewe

5. Dawa ziingie begi lipi?

La mkononi. Lile linalokaa miguuni mwako, si lile la kwenye buti la basi wala tumboni mwa ndege.

Nitawaambia jinsi nilivyojifunza. Safari moja ya ndege niliweka insulini mkononi kama mtu mwenye akili, lakini stripu za kupimia nikazisukumia kwenye begi kubwa kwa sababu boksi lake lilikuwa limejaza nafasi. Begi likabaki uwanja tuliobadilishia ndege, nikalipata siku ya tatu. Insulini ninayo, ila sukari yangu siijui. Nilidunga kwa kukisia siku nzima, kila saa najipapasa kama natetemeka au ni baridi, hadi nilipopata duka lenye stripu zinazoingia kwenye kipimo changu. Tangu siku hiyo dawa na kipimo chake havitenganishwi. Vivyo hivyo pampu ya pumu na chupa yake ya kuvutia, kalamu na sindano zake.

Kwa insulini kuna sababu ya pili: kwenye shehena ya ndege baridi inaweza kuigandisha, na insulini iliyowahi kuganda haitumiki tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

6. Lazima dawa ziwe kwenye maboksi yake? Yanajaza begi.

Kwa safari ya kuvuka mpaka, ndiyo: angalau boksi moja la kila dawa lenye lebo ya duka na jina lako. Maboksi yaliyobaki unaweza kuyakunja bapa na kuacha vidonge kwenye vibati vyake. Kile kisanduku cha vyumba saba vya siku za wiki ni kizuri sana hotelini, lakini mpakani ni rundo la vidonge visivyo na jina. Kipakie ukishafika.

7. Insulini itakaaje bila friji?

Hapa hofu ni kubwa kuliko hatari. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Lakini chupa au kalamu inayotumika hukaa nje ya friji, chini ya nyuzi 30, kwa takribani siku 28 kwa aina nyingi. Karatasi iliyo ndani ya boksi itakuambia ya kwako. Maana yake, kwa safari ya wiki mbili mahali pa joto la kawaida, friji hata huihitaji. Kinachoua insulini ni vitu viwili: kuganda na jua la moja kwa moja. Gari lililofungwa juani ni oveni. Hata dakika za kushuka kunywa chai, shuka nayo.

Kwa mahali pa joto kali kuna vifuko vinavyopozwa kwa maji: unavilowesha, maji yakikauka yanaondoka na joto, kanuni ile ile ya mtungi wa udongo. Hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu na hulegea kwenye unyevu mwingi. Ukitumia thamosi yenye barafu, funga insulini kwenye taulo isiguse barafu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Médecins Sans Frontières walichapisha matokeo yaliyowapa moyo wengi: insulini iliyowekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Hiyo si ruhusa ya kuizembea. Ichukue kama dawa ya kihoro siku umeme utakapokatika.

Kuhusu friji za hoteli, zitilie shaka. Nyingi ni ndogo, na ukuta wa nyuma hugandisha. Nimewahi kutoa kalamu asubuhi ikiwa na vipande vya barafu ndani. Nyingine huzimika ukichomoa kadi ya chumba kutoka kwenye swichi. Weka insulini kwenye rafu ya mlango, mbali na ukuta huo, na mwulize mhudumu kama umeme wa chumba hubaki ukitoka.

Insulini inayopaswa kuwa angavu ikiwa na ukungu, au ile ya maziwa ikibaki na mabonge hata baada ya kuibingirisha viganjani, itupe.

8. Ninakokwenda hawaijui dawa yangu. Nitaiombaje?

Unayoita jina la dawa huenda ni jina la kampuni tu. Dawa moja huuzwa kwa majina kumi, na jina moja la biashara linaweza kubeba dawa tofauti katika nchi mbili. Andika jina la kitaalamu, lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa kwenye boksi, pamoja na nguvu yake kwa miligramu.

Hata hayo hayafanani kote. Paracetamol Marekani huitwa acetaminophen. Salbutamol ya pumu huitwa albuterol, na glibenclamide ya kisukari huitwa glyburide. Si dawa tofauti.

Wenye kisukari, angalieni na vipimo. Nchi nyingine husoma sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Kupata mg/dL zidisha mmol/L kwa 18, hivyo 7 ni sawa na 126. Ukimwambia daktari anayetumia kipimo kile kingine kwamba sukari yako ni "mia moja na ishirini" bila kutaja kipimo, ataruka kitini. Insulini nayo, nchi nyingi ni U-100 (yuniti 100 kwa kila mililita), lakini U-40 (yuniti 40) bado ipo sehemu fulani, na bomba lake la sindano ni lake. Ukichanganya bomba la moja na chupa ya nyingine, dozi inakosewa mara mbili na nusu.

9. Ni kweli dawa halali kwetu inaweza kunifunga nchi nyingine?

Ni kweli. Zinazoleta balaa ni za maumivu makali (morphine, codeine, tramadol), za wasiwasi na usingizi (diazepam na ndugu zake), na za kuongeza umakini. Japan haipokei dawa zenye amphetamine hata ukiwa na cheti cha daktari, na dawa za kawaida za cheti zikizidi mwezi mmoja huombewa kibali kabla ya kuingia. Falme za Kiarabu hudai ruhusa ya mapema kwa dawa zinazodhibitiwa. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, wakazi wa eneo hilo wanaovuka kutoka nchi moja kwenda nyingine hubeba cheti maalumu kinachodumu siku 30.

Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya (INCB) hukusanya masharti ya kila nchi kwa msafiri mwenye dawa hizi. Anzia hapo, kisha uandikie ubalozi na utunze jibu. Usisahau nchi unayopitia tu. Ukilala pale, au ukitoka nje ya uwanja, sheria zake ni zako.

Nami naongeza langu: codeine hujificha kwenye dawa za kikohozi na vidonge mchanganyiko vya kichwa. Soma viambato vya kila kitu kilichomo begini, hata ulichopewa na shangazi.

10. Chanjo na dawa za kuzuia malaria zinagongana na ugonjwa wangu?

Baadhi, ndiyo. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo haifai kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa sana: mwenye CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 200, anayetumia steroidi kwa dozi kubwa au dawa za kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Waliofikisha miaka 60 wanaochanjwa kwa mara ya kwanza wapimiwe faida na hatari. Ukizuiliwa, daktari hujaza hati ya msamaha wa kitabibu. Lakini nchi unayokwenda ndiyo yenye uamuzi wa kuikubali, hivyo uliza kabla ya kukata tiketi. Kwa wanaochanjwa, cheti huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote.

Upande wa malaria, mefloquine haipewi mwenye kifafa wala aliyewahi kuugua maradhi ya akili. Nguvu ya doxycycline hupunguzwa na baadhi ya dawa za kifafa, zikiwemo carbamazepine na phenytoin. Atovaquone-proguanil haifai kwa figo zilizochoka sana, na proguanil inaweza kuongeza makali ya warfarin. Ndiyo maana nakuomba usinunue kinga ya malaria kwa kusikia jirani anatumia ipi.

## Njiani

11. Ukaguzini watanisumbua kwa sindano, pampu au kifaa cha moyo?

Ukisema kabla hawajakuta, mara nyingi hapana. Toa mfuko wa dawa begini, uweke kwenye trei peke yake, sema "hizi ni dawa zangu, barua hii hapa". Ile kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100, iliyoanza 2006, huachia dawa unazozihitaji safarini, pamoja na juisi ya mwenye kisukari, ila utatakiwa kuzionyesha na huenda zikapimwa.

Pampu ya insulini na kihisi cha sukari kilichobandikwa mwilini: watengenezaji wengi wanashauri visipite kwenye eksirei wala kwenye mashine ya kuchunguza mwili mzima. Omba ukaguliwe kwa mkono. Una haki ya kuomba chumba cha faragha. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo abebe kadi yake, apite lango la chuma bila kusimama katikati, na amwambie mkaguzi asishikilie kile kifimbo juu ya kifua.

Baada ya ndege kupaa, angalia mrija wa pampu kama una mapovu. Shinikizo la hewa likishuka, mapovu hutanuka na yanaweza kusukuma insulini kidogo ya ziada. Wanaotumia kalamu wasiache sindano imebaki juu yake.

12. Saa zikibadilika, ninywe dawa kwa saa ya wapi?

Tofauti ikiwa ya saa mbili au tatu, kwa dawa nyingi endelea na saa ya unakofika bila kelele. Ikizidi hapo inategemea dawa.

Kidonge cha mara moja kwa siku kina nafasi ya kusogezwa: kisogeze saa moja au mbili kila siku mpaka ukutane na ratiba ya huko, au baki na saa ya nyumbani kama safari ni fupi na saa hiyo haikuamshi usiku wa manane. Dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda, na zinazonywewa mara mbili au tatu kwa siku hazitaki pengo lirefushwe. Daktari akuandikie ratiba ya siku ya safari, mstari kwa mstari.

Insulini ndiyo yenye hesabu. Ukiruka kuelekea mashariki kwa tofauti ya saa 6, siku yako inakuwa ya saa 18, na insulini ya muda mrefu ya saa 24 itapandana na inayofuata: hatari ni sukari kushuka. Ukielekea magharibi siku hurefuka, na kuna saa ambazo hazina insulini ya kutosha. Nenda kwa daktari na tiketi yenyewe mkononi. Usimwambie "naenda mbali"; mwonyeshe saa ya kuondoka na ya kutua.

Halafu sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu. Tiketi imeandikwa 02:00, nawe kichwani unasoma saa mbili. Hiyo ni saa nane usiku. Nimemwona mtu aliyepanga dozi zake zote kwa kosa hilo. Ratiba ya dawa safarini iandike kwa mtindo wa saa 24, na pembeni uandike "asubuhi" au "usiku" kwa maneno.

13. Kukaa kitini saa nyingi kuna hatari gani?

Damu kuganda miguuni. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 uliona kwamba safari ya saa nne au zaidi, iwe ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari hiyo karibu maradufu, ingawa kwa mtu wa kawaida inabaki ndogo, takribani mmoja kati ya 6,000. Hatari si ndogo hivyo kwa mwenye saratani, aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mjamzito. Simama kila saa moja au mbili, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Soksi za kubana husaidia, ila mwenye mishipa ya miguu iliyoziba asizivae kabla ya kuuliza.

Sasa lile la kidonge cha kukojoza, ambalo watu huliuliza kwa kunong'ona. Wengi huacha kunywa siku ya safari kwa sababu basi halisimami, na wengine huacha kunywa maji kabisa. Moyo uliochoka hauvumilii mchezo huo. Maji hurudi mapafuni. Muulize daktari kama unaweza kukisogeza ukinywe ukifika, kwa kuwa kwa wengi saa chache si tatizo. Kiti cha karibu na njia hakina aibu.

14. Nina tatizo la mapafu au moyo. Ndege ni salama?

Hewa ndani ya ndege iliyo angani ni kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Mwenye mapafu mazima hahisi. Mwenye mapafu yaliyochakaa, au moyo unaofeli, anaweza kubanwa akiwa amekaa tu. Madaktari wengi wa mapafu wameutumia mstari wa 92%: oksijeni ya kidoleni ikiwa chini ya hapo umepumzika, tarajia kuhitaji oksijeni ndani ya ndege. Hospitali kubwa zina kipimo cha kukupumulisha hewa yenye oksijeni 15% badala ya 21% ili waone mwili utafanyaje.

Mtungi wako wa oksijeni kwa kawaida hauruhusiwi kupanda. Mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni huruhusiwa ikiwa ni aina inayokubaliwa na shirika la ndege, na mashirika mengi hudai betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Betri za ziada za lithiamu hukaa mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Zile za kati ya wati-saa 100 na 160 huombewa ruhusa. Hilo linamhusu pia mwenye mashine ya kupumulia usingizini.

Shirika litakupa fomu ya kitabibu iitwayo MEDIF, ijazwe na daktari. Ipeleke siku kadhaa kabla. Aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo, kiharusi, pafu kuporomoka au upasuaji karibuni asikate tiketi kabla ya kupata neno la daktari.

15. Sukari ikishuka katikati ya safari?

Chini ya 4 mmol/L, yaani karibu 70 mg/dL: kula gramu 15 za sukari ya haraka kama glukosi au juisi, subiri dakika 15, pima tena, na ikibidi rudia. Iwe mfukoni mwa nguo. Mkanda ukiwa umefungwa na ndege inatikisika, rafu ya juu ni mbali mno. Ukiwa dereva, simamisha gari kwanza.

Mwambie jirani wa kiti mwanzoni mwa safari: "Nina kisukari, ukiniona naongea ovyo au natoka jasho, nipe hii." Ni sentensi ngumu kutamka. Hajawahi mtu hata mmoja kunijibu vibaya.

## Ukishafika

16. Nimeharisha na kutapika. Niendelee na dawa?

Hili litatulie kabla ya kuondoka, kwa sababu jibu hutofautiana kwa kila dawa. Kaa na daktari, pitieni orodha, uandike mbele ya kila moja: endelea, simamisha, au piga simu. Mwili ukikauka maji, metformin, dawa za kukojoza, baadhi ya dawa za presha na za maumivu kama ibuprofen zinaweza kuumiza figo, na madaktari wengi huzisimamisha kwa muda. Insulini ya muda mrefu kwa kisukari aina ya kwanza haisimamishwi hata kama huli. Dozi ndiyo hubadilika. Pima sukari mara nyingi zaidi, na ketoni (asidi inayojaa damuni insulini ikipungua) ukiwa na vipimo vyake.

Maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) yachanganywe na maji salama kama pakiti inavyosema, wala mwenye kisukari asiogope sukari iliyomo. Ukishindwa kubakiza maji tumboni kwa saa kadhaa, nenda hospitali.

17. Dawa zimeibwa au zimeisha. Nifanyeje?

Kama kuna wizi, pata taarifa ya polisi kwanza. Bima na duka la dawa wote wataiuliza. Kisha nenda na picha ya cheti kwenye duka la hospitali kubwa, si duka la kwanza unaloliona. Usinunue dawa za mtaani hata kama boksi linafanana. Wakikupa jina usilolijua, rejea swali la 8.

Namba ya dharura ya huko iandike siku ya kwanza. Simu nyingi za mkononi huunganisha 112 na huduma ya dharura hata katika nchi ambayo namba yake ni nyingine.

## Hali za pekee

18. Bima ya safari itakubali ugonjwa nilionao tayari?

Baadhi hukubali kwa kuongeza ada, nyingine hulipia kila kitu isipokuwa ugonjwa huo. Kitu kimoja usifanye: kuuficha. Dai likija wataomba faili lako, na hata mguu uliovunjika unaweza kukosa malipo. Soma sehemu ya yasiyolipiwa kabla ya ile ya yanayolipiwa, na uangalie kama kusafirishwa kurudi nyumbani ukiwa mgonjwa kumo.

19. Nasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Naweza kusafiri?

Unaweza, ila safari hupangwa kufuata mashine. Tafuta kituo miezi miwili au mitatu kabla, tiketi baadaye. Watataka majibu ya karibuni ya homa ya ini B na C na VVU, uzito wako mkavu (ule wa baada ya maji ya ziada kutolewa), aina ya njia ya damu, na karatasi za vipindi vya mwisho. Safiri siku inayofuata baada ya kusafishwa, usiruke kipindi. Uliza na kituo chako cha nyumbani: baadhi hukutenga na kukupima upya ukirudi.

20. Nina kifafa na nasafiri peke yangu.

Adui yako mkubwa ni kukosa usingizi. Ndege ya alfajiri inayokuamsha usiku wa manane ina bei ndogo kwa pesa na kubwa kwa ubongo. Chagua ya mchana. Vaa bangili au kadi inayotaja kifafa, na ndani ya simu weka jina la mtu wa kupigiwa linaloonekana bila kufungua simu. Kwenye kitanda cha juu cha treni, omba kubadilishana.

21. Natumia ARV na sitaki wenzangu wa safari wajue.

Ni haki yako. Boksi lenye lebo likae ndani ya mfuko wako wa vipodozi, na nje weka kichupa kidogo cha dozi za siku mbili tatu. Barua ya daktari inaweza kutaja "ugonjwa wa muda mrefu" na majina ya dawa bila kutaja VVU. Kuingia kwa matembezi nchi nyingi hakuulizwi. Marekani iliondoa katazo lake Januari 2010. Baadhi ya nchi bado hupima wanaoomba ukaazi au kazi, hivyo angalia masharti ya viza yako.

Anayetumia dolutegravir akumbuke dawa za kiungulia, ambazo kila msafiri hununua: zenye magnesi au alumini huizuia isifyonzwe. Meza dolutegravir saa mbili kabla yake au saa sita baada yake.

22. Mtoto wangu ana selimundu. Ndege itamletea maumivu?

Wengi husafiri salama kwenye ndege ya kawaida. Yanayochochea maumivu ni kiu, baridi na uchovu: maji kila saa, sweta na soksi ndani ya ndege, na dawa za maumivu mkononi. Aliyepata maumivu makali karibuni, kiharusi au tatizo la kifua aonwe na daktari kwanza. Na tuondoe uvumi mmoja: anayepata nafuu dhidi ya malaria ni aliyerithi jeni moja tu. Mtoto mwenye selimundu yenyewe akipata malaria huumia sana, hivyo kinga ni lazima.

23. Nimerudi. Kuna cha kufanya zaidi ya kufua?

Rudisha dozi kwenye saa za nyumbani kwa mpango ule ule wa swali la 12. Kalamu ya insulini iliyozunguka nawe ihesabie siku zake 28, usiirudishe kwenye friji ukajidanganya ni mpya. Dawa ya kinga ya malaria maliza siku zote ulizoandikiwa baada ya kurudi: doxycycline wiki nne, atovaquone-proguanil siku saba. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, hata kama una sababu nyingine ya kuidhania, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo na useme ulikuwa wapi.